Kengele ya Moshi Katika Nyumba Zetu

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili jioni karibu na taa, yatupasa kuanza kwa kuungama kosa. Kwa muda wa miezi saba tulikuwa na kengele ya moshi nyumbani kwetu, hapa Bukavu, nayo ilikuwa bubu, kwa kuwa sisi wenyewe tulizitoa betri zake, yale tuliyozoea kuyaita mabuye, tukazitia katika tochi.

Kengele hiyo tuliletewa na shemeji yetu akaaye Liège, huko Ubelgiji. Katika jimbo lile la Wallonia sheria yataka kila nyumba ya kukaa watu iwe na kengele ya namna hii tangu mwaka 2006. Katika Ufaransa amri kama hiyo ilianza kutumika mwaka 2015, na Waflandri wakaieneza kwa nyumba zao zote mwaka 2020. Basi shemeji, alipokuja kwa arusi ya mdogo wake, alifungua sanduku akatoa kitu cheupe cha mviringo, mfano wa kifuniko cha sufuria ndogo, akatuambia: «Shemeji, hiki si pambo. Kitundikeni leo, nami nikione kabla sijarudi.»

Tulikitundika siku ileile, bila kukisoma kijitabu chake, juu ya mlango wa jikoni. Tulifikiri kwa akili zetu za haraka kwamba penye moto mwingi ndipo mlinzi atakiwapo. Jioni ile mama wa watoto akakaanga sambaza. Mafuta hayajatulia, mlio mkali ukaipasua nyumba. Watoto wakaziba masikio, kuku wakaruka kutoka tunduni, na mtoto mchanga akalia mpaka usiku mwingi. Siku ya pili maharage yakaungua kidogo chini ya sufuria, na makelele yakarudi. Siku ya tatu shemeji alikuwa amekwisha kupanda ndege. Tulipanda kiti, tukazitoa betri.

Miezi saba ikapita. Usiku mmoja wa wakati wa mitihani umeme ulikatika, na kijana wetu mkubwa, aliye katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari, akaendelea kurudia masomo kwa mshumaa. Aliusimamisha juu ya kifuniko cha kopo kando ya kitanda. Usingizi ukamshika na kalamu mkononi. Mshumaa uliangukia ukingo wa godoro, lakini haukuwasha mwali mkubwa: godoro lile kuukuu la pamba liliungua polepole, pasipo nuru wala kelele, kama ubani katika chetezo. Sisi tulikuwa tumelala nyuma ya ukuta wa mbao, mkono mmoja tu kutoka kwake, wala hatukusikia kitu.

Aliyetuamsha ni mzee jirani, aliyetoka nje kwa haja zake akauona moshi ukichuruzika chini ya bati letu. Alizigonga mbao za nyumba kwa fimbo yake mpaka tukaamka. Tulimkokota kijana nje. Alikuwa kama mlevi, hajui yuko wapi, akatapika mara nyingi, na kesho yake kichwa kilimuuma kutwa, lakini alipona. Na kengele ya shemeji ilikuwa pale juu ya mlango, nyeupe, safi, kimya. Kama mzee yule angalilala usingizi mzuri usiku ule, tusingaliandika maneno haya.

PUA HULALA PAMOJA NA MWENYEWE

Watu wengi husema: «Moto ukishika nyumbani mwangu, nitaisikia harufu yake na kuamka.» Sisi pia tulisema hivyo, na tulikosea. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Rachel Herz na Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, walitangaza habari za jaribio walilolifanya kwa watu waliolala. Waliwapelekea puani harufu ya mnanaa, kisha harufu mbaya ya piridini, iliyo miongoni mwa harufu za vitu vinavyoungua. Wale waliokuwa katika usingizi mzito hawakuamshwa na harufu yoyote. Sauti iliwaamsha. Watu wa jaribio hilo walikuwa wachache, lakini kila aliyewahi kuamka asubuhi akakuta uji wa jana umekauka juu ya makala hatashangaa.

Tena moshi una hila nyingine. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu inayoshika katika damu mahali palipowekwa oksijeni. Mtu aliyelala akiivuta, usingizi wake wazidi kuwa mzito badala ya kukatika. Ndiyo sababu wengi wafao katika nyumba iliyoungua huuawa na moshi kabla mwali haujawagusa.

Na moto wa siku hizi hauna subira. Katika Marekani, watafiti wa Underwriters Laboratories, shirika lililoanzishwa mwaka 1894 kwa ajili ya kupima usalama wa vitu, walitengeneza vyumba viwili vya kuchomwa kwa makusudi: kimoja chenye viti na mapazia ya namna ya zamani, vya mbao na pamba, na kingine chenye vitu vya leo, vya sponji na plastiki. Chumba cha leo kiliwaka chote kwa muda usiofika dakika 5. Kile cha zamani kilichukua karibu nusu saa. Sasa tutazame nyumba zetu: magodoro ya sponji, viti vya plastiki, mapazia ya nailoni, na katika mitaa ya mlimani kama Kadutu, nyumba za mbao zilizoshikana ubavu kwa ubavu, na vijia visivyopitisha gari la kuzima moto. Dakika za kwanza ndizo zetu. Zinazofuata huwa za mtaa mzima.

Marekani wanakohesabu mambo haya kila mwaka, karibu watu 3 kati ya 5 wanaokufa kwa moto wa nyumbani hufa katika nyumba zisizo na kengele ya moshi, au zenye kengele isiyofanya kazi. Angalieni maneno haya ya mwisho. Nyumba yetu ingalihesabiwa humo.

AINA MBILI

Anayetaka kuagiza kengele, au kupokea zawadi ya ndugu, na ajue kwanza kwamba ziko za aina mbili.

Ya kwanza huitwa ya ioni, nayo ilizaliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1930 Mswisi mmoja, Walter Jaeger, alijitahidi kutengeneza chombo cha kutambua hewa za sumu. Chombo hakikutambua kitu. Alipowasha sigara kwa kukata tamaa, akaona mshale wa kipimo umeondoka mahali pake: chombo kilikuwa kimetambua moshi wa sigara. Vyombo vya kwanza vilivyotoka katika kazi hiyo vilikuwa vikubwa na vya gharama. Mwaka 1965, katika mji wa Denver, Marekani, Duane Pearsall na Stanley Peterson walitengeneza kengele ndogo ya betri iliyoweza kuwekwa katika nyumba ya mtu wa kawaida. Ndani ya kengele ya ioni mna chembe ndogo sana ya amerisiamu 241, kitu chenye mnururisho, ambacho nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 432 hivi. Ikiwa imefungwa darini haimdhuru alalaye chini yake; lakini haifai kuvunjwa, wala kutupwa motoni, wala kupewa watoto kuwa mchezo. Katika nyumba za Ufaransa na za Waflandri aina hii haikubaliwi tena.

Ya pili ni ile ya nuru. Kila mtoto aliyelala chini ya bati lenye tundu aijua hekima yake. Asubuhi jua likipenya tunduni, hatuoni mshale wa nuru kama hewa ni safi. Lakini moshi wa jikoni ukipita, ghafula twauona mshale ule wote, mweupe toka juu hata chini, kwa sababu chembe za moshi zinaitawanya nuru kila upande. Ndani ya kengele mna kijumba cheusi chenye taa ndogo na jicho la umeme, na taa imeelekezwa pembeni ili jicho lisiione. Moshi ukiingia, nuru hutawanyika, jicho huiona, na kengele hulia. Basi, ni hayo tu.

Ya ioni ni nyepesi zaidi kutambua moto wa mwali, kama wa karatasi au wa petroli. Ya nuru hutangulia katika moto uunguao polepole, kama wa godoro, blanketi au pamba, yaani moto ule ule uliotaka kutunyang'anya mtoto. Tena haisumbuliwi sana na mafuta ya kukaanga. Sisi twashauri ya nuru, bila kusita. Juu ya sanduku lake mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa neno «optique», na pasikosekane nambari EN 14604, ambayo ndiyo kanuni ya Ulaya kwa kengele za moshi za nyumbani. Kengele iliyofuata kanuni hiyo yapaswa kulia kwa desibeli 85 kwa umbali wa meta 3. Huko Ulaya kengele nzuri ya kawaida hupatikana kwa euro 10 hadi 20, bei ambayo ndugu aliye huko aweza kuibeba pamoja na viatu vya watoto.

Nyuma ya kengele husomwa mwaka iliotengenezwa. Wazazi, msiupuuze mwaka huo! Kengele ya moshi huzeeka. Baada ya miaka 10 yafaa kuondolewa hata kama bado yalia ikibonyezwa, kwa maana jicho lake limechoka na vumbi limeingia. Twajua sote kwamba katika masanduku yatokayo Ulaya humo vitu vilivyokwisha kutumika na wengine. Shati lililovaliwa laweza kuvaliwa tena. Kengele iliyomaliza miaka yake ya kazi katika nyumba ya Mbelgiji isije kuanza maisha mapya kwetu.

Kuhusu nguvu yake: kengele ya kuunganishwa na umeme wa mji peke yake haitufai, kwa kuwa tunawasha mishumaa wakati uleule umeme unapokatika. Ichaguliwe ya betri. Bora kuliko zote ni ile yenye betri ya lithi iliyofungwa ndani kwa miaka 10. Hiyo ni ghali kidogo, lakini hakuna awezaye kuiiba betri yake kwa ajili ya tochi, hata baba mwenye nyumba.

MAHALI PA KUITUNDIKA

Hapa ndipo tulipokosea, nasi twaomba kuvumiliwa tukikawia.

Moshi wa moto hupanda kwanza, kwa sababu una joto. Ukifika darini hutandaa kama maji juu ya meza, kisha hushuka kwenye kuta. Lakini katika pembe kabisa, pale dari inapokutana na ukuta, hewa hukaa bila kwenda, na moshi huchelewa kuingia. Kwa hiyo mahali pazuri ni katikati ya dari, au angalau sentimeta 10 kutoka ukutani. Ikibidi kuiweka ukutani, upande wake wa juu uwe sentimeta 10 hadi 30 chini ya dari.

Nyumba zetu nyingi hazina dari. Kuna mbao za paa, kisha bati. Moshi utapanda mpaka kwenye uti wa paa. Basi kengele na ipigiliwe kwenye mbao karibu na uti huo, isiwe mbali nao zaidi ya sentimeta 90, wala isiwekwe katika ncha yenyewe, kwa kuwa huko nako hewa hulala: tuache sentimeta 10. Wala isigusane na bati. Mchana bati huwaka joto kuliko lile linalovumiliwa na kengele nyingi, nalo ni digrii 40 hivi kama vijitabu vyao visemavyo, na alfajiri bati hutoa jasho la umande likadondoka. Sisi tuligongomea kwanza kipande cha ubao chini ya boriti, ndipo tukaifunga kengele katika ubao ule kwa misumari ya kuzungusha. Kuining'iniza kwa kamba haifai.

Lakini swali kubwa si la sentimeta. Ni hili: ilinde nani? Kengele ya moshi hailindi sufuria, inamlinda alalaye. Kwa hiyo itundikwe penye vitanda. Kama nyumba ina kengele moja tu, mahali pake ni ukumbini au njiani, kati ya vyumba vya kulala na sehemu nyingine ya nyumba. Kama vyumba vina milango ifungwayo usiku, moshi wa chumbani waweza kumaliza kazi yake kabla haujapita chini ya mlango; hapo kila chumba kinastahili kengele yake, kwanza kile ambamo watu huwasha mshumaa, iwe kwa kusoma, iwe mbele ya sanamu ya Mama Bikira Maria. Katika nyumba ambazo kuta za ndani hazifiki juu, kama yetu, moshi hupita juu ya kuta bila kubisha hodi, na kengele moja ya katikati husaidia vyumba viwili au vitatu.

Na jikoni? Iwe mbali meta 3 au zaidi na mahali pa kupikia. Wengine watacheka: katika nyumba ya vyumba viwili, meta 3 ni nchi jirani! Twajua. Basi ipelekwe upande wa pili kabisa, juu ya vitanda, na isiwe katika njia ya upepo utokao jikoni, wala karibu na dirisha linaloupeleka moshi nje. Nyumba yenye jikoni la nje imepata bahati, mradi moshi wa makala ya asubuhi usiingie moja kwa moja chini ya bati. Kengele inayolia kila jioni kwa sababu ya sambaza haimalizi juma moja kabla baba hajapanda kiti. Aliyeiweka pabaya amekwisha kuitoa betri zake, ingawa hajui bado.

Siku tuliyoihamisha, mzee jirani alikuja kutazama, akasimama na fimbo yake akisikiliza tulipoijaribu. Kisha akauliza: «Mwalimu, sasa naweza kulala?» Tulimwagizia yeye pia ya kwake. Mbao zake na zetu ni moja.

KUITUNZA

Kazi yake si nyingi. Mara moja kila mwezi tunabonyeza kitufe chake mpaka ilie. Sisi tumechagua Jumapili ya kwanza, tukirudi Misani. Haifai kuijaribu kwa kuwasha karatasi chini yake, kama alivyotaka kufanya mwana wetu wa pili, ambaye ni rafiki wa majaribio yote. Vumbi la kiangazi, masizi na utando wa buibui hupanguswa kwa brashi laini, maana mdudu mdogo akiingia katika kijumba cheusi, jicho halimtofautishi na moshi. Wakati wa kupaka nyumba rangi kabla ya Noeli ifunikwe au iondolewe kwa muda, na mtu aandikwe wa kuirudisha. Rangi ikiyaziba matundu yake, imekufa.

Betri zikikaribia kwisha, kengele hutoa mlio mfupi, labda mara moja kwa dakika, mchana na usiku. Watoto wetu waliutafuta mlio huo chini ya vitanda siku mbili, wakidhani ni nyenje.

MBABULA SI KAZI YAKE

Sasa twafika kwenye jambo ambalo lingeweza kuwapoteza hata wale waliofanya yote yaliyotangulia. Usiku wa baridi au wa mvua, katika nyumba nyingi, mbabula yenye makala mekundu huingizwa chumbani ili watoto wapate joto, kisha mlango hufungwa. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi. Mama hutazama, haoni kitu, anaridhika. Lakini makala hayo yatoa ile monoksidi ya kaboni tuliyoitaja, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Jamaa nzima yaweza kulala jioni ikiwa na afya na isiamke asubuhi.

Kengele ya moshi haitalia. Tunarudia: haitalia, hata kama ni mpya, hata kama imetundikwa vizuri, kwa kuwa hakuna moshi wa kuitawanya nuru. Ipo kengele nyingine iliyotengenezwa kwa hewa hiyo, na kanuni yake ya Ulaya ni EN 50291. Tena ziko zilizounganisha kazi zote mbili katika chombo kimoja. Aliye na fedha na ainunue. Lakini asiye nayo anayo dawa isiyolipiwa: mbabula ibaki nje, hata usiku wa baridi kali, na watoto waongezewe blanketi. Na watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, wakiona kizunguzungu na kichefuchefu karibu na makala, wasingoje kutafuta nani aliyewaroga. Wafungue mlango, watoke wote kwenye hewa safi, na kisha waende kwa mganga wa hospitali.

IKILIA USIKU

Kengele huamsha tu. Haimbebi mtoto wala haifungui kufuli.

Nyumba zetu zimefungwa kwa hofu ya wezi: vyuma madirishani, kufuli mlangoni, ufunguo chini ya mto wa baba. Usiku wa moshi hakuna atakayeuona mto. Ufunguo na utundikwe kwenye msumari mmoja, karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa kila mtu mzima, hata wa mgeni, utaupata gizani. Tulifanya zoezi la kuufikia tumefumba macho, na ilitubidi kuuhamisha msumari mara mbili. Anayetoka katika moshi na atambae, kwa kuwa hewa nzuri imebaki chini. Mlango wa chumba uguswe kwanza kwa mgongo wa mkono; ukiwa na moto, usifunguliwe, itafutwe njia nyingine. Tukishatoka tunahesabiana chini ya mwembe, wala hakuna anayerudi kwa sababu ya redio, au vitabu, au fedha za arusi.

Watoto ni habari ya peke yake. Wazazi hudhani kwamba mlio unaowarusha wao kitandani utawaamsha na wadogo. Watafiti wa hospitali moja ya watoto ya Columbus, katika Ohio, Marekani, waliwajaribu watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolala usingizi mzito, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Mlio wa kawaida wa kengele uliwaamsha karibu nusu yao tu. Lakini kengele iliyotoa sauti ya mama iliwaamsha karibu 9 kati ya 10, tena upesi zaidi. Katika jaribio lile haikuwa lazima hata amwite mtoto kwa jina lake.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, saa nne za usiku, bila kuwaambia watoto, tulipanda kiti tukakibonyeza kitufe. Kijana mkubwa alikuwa mlangoni kabla hatujashuka. Yeye haulizi tena sababu. Wa pili alitoka na viatu vya mwenzake. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka sita, hakugeuka hata ubavu, na kengele ikilia meta mbili juu ya kichwa chake. Mama yake akainama, akamwita mara moja, kwa sauti ya kila asubuhi. Mtoto akakaa kitandani akauliza kama kumekucha.

Tangu usiku ule tumegawana kazi: baba huenda kwenye msumari wa ufunguo, na mama huita.